Robo Saa Kabla ya Kupuliza Tena

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini vijana wa siku hizi husoma kwanza, wakiona pana la maana ndipo wanaamkia. Nimeitikia mapema ili tuendelee.

Mimi ni Mwanasiti. Nilifanya kazi ya maabara katika hospitali moja ya upande wa Msambweni mpaka nilipostaafu. Sehemu ya kazi hiyo ambayo watu wengi hawakuijua ni kupima ulevi wa madereva, kwanza kwa damu, na baadaye, mashine za kupuliza zilipokuja, kwa pumzi. Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, mlio maabara na mlio barabarani. Msinikubalie kila kitu. Mimi mwenyewe nilitoka chuo kikuu nikiwa na ugonjwa wa kuuliza, na namshukuru Mungu kwamba sikupona.

Nitaanza na Salim, kwa sababu ndiye ninayeulizwa habari zake nikienda sokoni Ukunda.

Salim alikuwa dereva wa basi la shule, barabara ya kutoka Matuga kupanda Kwale. Kijana mtaratibu, baba yake alikuwa mwadhini, na yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha watoto Kurani jioni. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa barabarani pamoja na askari wa trafiki, nikiwafundisha matumizi ya mashine mpya. Kizuizi kilikuwa hatua chache tu kutoka pale watoto wanapopandia. Basi likaja, Salim akateremsha kioo, akasalimia vizuri, akapewa mrija, akapuliza. Mashine ikawaka.

Namba haikuwa kubwa. Dereva wa gari lake mwenyewe angepuliza hivyo angeambiwa safari njema. Lakini sheria haimpi anayebeba abiria hata tone, na hawa walikuwa abiria wadogo waliobana mikoba mapajani. Sajini Mutua, aliyekuwa mkuu wa kizuizi, akamwambia Salim azime gari ateremke. Wazazi waliowasindikiza watoto walikuwa bado wamesimama kando ya barabara. Wakaona. Mama mmoja akapanda basini, akamshika binti yake mkono, akamshusha. Kisha wa pili. Kisha wote.

Wale msiotoka huku hamtaelewa mara moja ni kitu gani kilichokuwa kinamponyoka Salim. Kazi hupatikana nyingine. Lakini mwana wa mwadhini, mwalimu wa Kurani, kushushwa garini kwa ulevi mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, hilo lingemfuata mpaka kaburini na kumsubiri mwanawe mlangoni.

Sajini Mutua alimuuliza amekunywa nini. Salim akasema chai ya rangi. Na nini? Na vitumbua, kimoja alikuwa akikimalizia alipokaribia kizuizi. Mimi nikauliza vitumbua vya nani. Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwa Bi Mwanaidi, aliyekuwa keshaacha chungu chake na kuja kutazama. Nikamuuliza Bi Mwanaidi ameumua kwa nini leo.

"Kwa tembo," alisema. "La jana. Lililala."

Sajini Mutua akageuka haraka kutazama kichaka. "Lililala wapi?"

Sajini alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu mwema, na kwao tembo ni yule mwenye mkonga. Sisi huyo tunamwita ndovu. Tembo letu ni la mnazi, utomvu unaogemwa ukachacha kuwa pombe, na mama zetu wameumulia vitumbua na mikate kwa hilo tangu hamira ya dukani haijajulikana. Kama inafaa kidini au haifai, mjadala huo nawaachia wenye elimu yake. Lakini mzitazame akili za Sajini: tuko chini ya Shimba Hills, ndovu hushuka kula mahindi ya watu, na mwanamke anamwambia lililala. Alikuwa keshashika redio aombe msaada. Watu walicheka, hata Salim alitaka kucheka, akakumbuka hali yake.

Sajini alipoeleweshwa alikunja uso. Aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuchezewa mara mbili, kwamba kama ni hivyo basi kijana amekiri mwenyewe, ametumia pombe. Nikamwambia hajakiri kitu. Ana tembo mdomoni. Kama analo kwenye damu ndiyo hatujui, na hilo ndilo tuliloajiriwa kulijua.

"Subirini robo saa," nikasema. "Asuuze mdomo kwa maji, asile, asivute sigara. Halafu apulize tena."

Hapa niwaache kidogo na Salim ameketi ukingoni mwa barabara na kikombe cha maji, niwaeleze nilipolipata neno hilo, subirini. Halikutoka chuoni.

Lilitoka kwa Mzee Kombo, mkuu wa maabara nilipoajiriwa. Alikuwa mfupi, na koti lake jeupe lilimfika kwenye vifundo. Siku zile hakukuwa na mashine za kupuliza. Dereva akishukiwa, polisi walimleta kwetu atolewe damu, nayo ilivushwa Mombasa kwa mkemia. Siku yangu ya kwanza, muuguzi mpya alimpangusa dereva mkono kwa pamba yenye spiriti, kama alivyofundishwa kumpangusa kila mgonjwa, akachoma sindano, akatoa damu safi kabisa. Mzee Kombo akaichukua ile chupa, akaitumbukiza kwenye pipa la taka. Askari aliyemleta dereva alipandwa na hasira. Mzee Kombo akamwambia muuguzi, bila kumkaripia: "Mwanangu, huyu umemnywesha wewe." Akamtolea damu mkono wa pili, kwa sabuni na maji tu.

Spiriti ni pombe. Kila mtu anajua, na kila mtu husahau, kwa sababu mkono una mazoea yake. Ndiyo maana hata leo nawaambia: katika kazi hii ogopeni lile mnalolifanya bila kufikiri.

La pili lilinikaa zaidi. Alikuja dereva wa lori la mahindi kutoka Kinango, kagonga ukuta wa duka, hakuna aliyeumia. Akaapa hajanywa. Tukamtoa damu. Mzee Kombo alikuwa na desturi ya kujaza chupa mbili kila mara, moja ya kwenda na moja ya kubaki kwenye jokofu letu. Kwa chupa hizo kuna aina yenye dawa ndani ya kuzuia damu isiharibike, ina kifuniko cha kijivu. Siku hiyo za kijivu zilikuwa zimebaki moja tu. Ile ya kubaki ikawekwa kwenye ya kijivu, kwa kuwa ndiyo itakayokaa siku nyingi, ile ya kwenda ikawekwa kwenye ya kawaida, na askari akaambiwa aende nayo mbio ikiwa kwenye barafu. Kivuko cha Likoni siku hiyo kilikuwa na foleni mpaka juu kabisa. Barafu ikayeyuka. Askari akaiweka chupa juu ya dashibodi, juani, ili asiisahau. Ikashinda pale na ikalala garini, kwa sababu alipofika Mombasa ofisi ilikuwa imefungwa.

Majibu yakarudi: pombe ipo. Mzee Kombo akaipeleka ile ya jokofuni, safari hii akaenda nayo mwenyewe na sanduku la baridi mapajani. Majibu: pombe hakuna.

Nilikuwa kijana na nilitaka kujua ni chupa gani imedanganya. Nilimuuliza mara tatu, nyakati tofauti, mpaka akachoka nami.

"Hakuna iliyodanganya," alisema. "Moja imesema habari za dereva. Nyingine imesema habari za safari."

Damu ina sukari. Ikiingia vijidudu, ikakosa dawa, ikapigwa na jua, inachacha. Watu wa minazi hatuhitaji darasa refu kwa hilo. Tembo likigemwa asubuhi ni tamu mtoto anaweza kulinywa, jua likipanda ni jingine. Mzee Kombo akaonyesha ile chupa kwa kidole, akasema dereva hakunywa, chupa ndiyo imejigemea. Kuanzia hapo damu ya dereva haikuvuka kivuko bila kifuniko cha kijivu, bila baridi, na bila mtu mmoja kuwajibika nayo kutoka mkono mpaka mkono. Baadaye mawakili walinikalisha mahakamani Kwale, wakanigeuza huku na huku, damu mliihifadhi vipi, nani alishika, nani aliangalia. Niliwajibu. Sitajifanya mnyenyekevu kwenye hilo: hakuna wakili aliyewahi kuipasua damu yetu.

Kisha zikaja mashine. Wengi wa maabara walizidharau, wakaziita midoli ya askari. Mimi sikuzidharau wala sikuzisujudia. Niliomba nipewe moja niishi nayo. Nilipuliza baada ya kupiga mswaki, baada ya dawa ya kikohozi, baada ya embe lililoiva kupita kiasi. Mume wangu, Allah amrehemu, alikuwa akiniambia jirani watadhani ameoa filimbi. Lakini hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kilicho mdomoni huondoka upesi, na kilicho kwenye damu hakiondoki kwa kuombwa. Robo saa inatosha kuvitenga.

Mashine nayo ina hila zake. Ulipoingia ule ugonjwa wa kuosha mikono kila saa, askari mmoja wa Diani alinipigia simu kwamba mashine yake imeharibika, kila anayepuliza ni mlevi, hata mwalimu mkuu, hata mchungaji. Nilimwomba aipulize yeye mwenyewe. Ikamwambia naye mlevi. Nikamuuliza ananawa nini mikono. Kumbe alikuwa na chupa ya kitakasa mikono mfukoni, anajipaka kila baada ya gari, viganja vingali majimaji anaishika mashine. Nikamwambia mashine haijaharibika, imelewa, na aliyeinywesha ni wewe. Iache kwenye upepo, nawa kwa maji, na kabla ya kila dereva ioneshe kwanza hewa tupu, isiyo pumzi ya mtu. Ikisoma kitu kwenye hewa tupu, usimwekee mtu mdomoni.

Na zirudisheni zikalinganishwe na gesi ya kipimo, ile ambayo kiasi chake cha pombe kinajulikana, kwa wakati wake. Mizani ya sokoni hukaguliwa, sembuse hii inayopima jina la mtu.

Sasa turudi kwa Salim, maana robo saa yake inakwenda.

Nilivuka barabara, nikanunua kitumbua kwa Bi Mwanaidi, nikakila mbele ya watu wote, na kabla sijameza vizuri nikapuliza. Mashine ikawaka. Kelele zikapanda. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama wa maabara kalewa asubuhi," na nilicheka pamoja nao. Bi Mwanaidi peke yake hakucheka. Alikuwa ametangaza mbele ya wateja wake anaumua kwa nini, na wengine walikuwa wakimtazama vibaya. Alijua itakuwa hivyo, na bado akanijibu. Hilo nalo lihesabuni mnapozungumza habari za ushujaa.

Hapo Mzee Rama akasogea. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi, na kwa bahati nzuri au mbaya alikuwa mjomba wa Salim.

"Mwanangu," aliniambia, "umeshatuonyesha. Ni vitumbua. Mwache kijana awapeleke watoto, mtihani unaanza."

Watu wakaitikia. Sajini Mutua mwenyewe alikuwa keshalegea, ameshaona aibu ya tembo wake, angependa asubuhi hiyo iishe. Alinitazama kama anayeomba ruhusa.

Ningeweza kuitoa. Kila mtu angenishukuru. Lakini nilikuwa nimethibitisha jambo moja tu, kwamba kitumbua kinaweza kuiwasha mashine. Sikuwa nimethibitisha kwamba ni kitumbua kilichoiwasha kwa Salim. Mtu anaweza kulala kwenye harusi na chupa, akaamka akala vitumbua juu yake. Msitikise vichwa. Baada ya kisa hiki kuenea, kila aliyekamatwa kuanzia Ng'ombeni mpaka Lungalunga alikuwa amekula vitumbua. Dereva mmoja wa hoteli alidai vitumbua saa ambayo hakuna aliyekaanga. Aliambiwa asubiri robo saa, akakubali kwa furaha, akadhani amepewa msamaha. Alipopuliza tena namba ilipanda, kwa sababu alichokunywa kilikuwa bado kinatoka tumboni kuingia kwenye damu. Robo saa haina upande. Ukiigawa kwa huruma, umewapa wale wote.

Nikamjibu Mzee Rama kwa adabu zote kwamba namheshimu, na kwamba tutasubiri.

"Unamdhalilisha mtoto wa watu," alisema.

Salim akanyanyua kichwa. Mpaka hapo alikuwa akitazama kikombe. "Mama, mashine imeniaibisha mara moja," alisema. "Wewe unaniweka hapa kwa makusudi, nitazamwe."

Nikaitazama saa yangu. Na nawaambia nyinyi kwa kuwa mtafika mahali hapo: nilikuwa na hofu. Kama ingewaka tena, kijana yule angekwisha, na ningekuwa mimi niliyekataa kumwachia mlango ulipokuwa wazi. Nilimtazama mikono, nikamtazama macho, nikanusa upepo uliopita kwake. Sikupata chochote, na sikukitegemea hicho nisichokipata, maana pua yangu haijalinganishwa na gesi yoyote.

Watoto walianza kukaa chini kwenye majani. Mmoja akauliza kama mtihani utawangoja. Wanawake waliacha kuzungumza. Nilimwomba Sajini aioneshe mashine hewa tupu, ikasoma sifuri. Akafungua mrija mpya, karatasi yake ikapasuka kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo. Robo saa ilikuwa imetimia na nikaongeza kidogo, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aje kubishana nami kuhusu saa.

Salim akasimama. Nilidhani atasogea pembeni, nyuma ya basi, kama watu wanavyofanya. Alitembea mpaka mbele ya wazazi, akasimama pale, akapuliza hapo hapo, pumzi ndefu, mpaka mashine ikalia kwamba imetosha.

Sajini Mutua aliitazama. Akaitazama tena. Kisha, bila kuagizwa na mtu, akavua kofia yake na kuinyanyua mashine juu ili walio nyuma waone.

"Sifuri," alisema. "Kamili."

Mzee Rama alisema alhamdulillahi na watu wakaanza kuzungumza wote pamoja. Salim hakufurahi. Alinijia, na nilijua kwamba anakuja kuniambia jambo alilolitafuta kwa robo saa nzima.

"Mama, wewe hukuniamini."

"Sikukuamini," nilimwambia. "Wala sikuiamini mashine. Ningekuachia alipotaka mjomba wako, jioni wangesema umeachiwa na mjomba wako. Sasa hakuna anayelazimika kukuamini, Salim. Hata mimi."

Salim akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akapanda kwenye kiti chake, akawasha basi. Hakupiga honi, hakumwita mtu. Aliufungua mlango tu akangoja.

Yule mama wa kwanza, aliyekuwa amemshika binti yake tangu mwanzo, akauachia mkono.